Kukata Salamu

Nilianza kuandika hadithi za maneno mia moja kwa sababu sina subira ya kuandika ndefu. Mama yangu, ambaye yuko Machakos, husema hata kuzaliwa nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Nafanya kazi katika duka la hadwea hapa Kitengela, na kati ya mteja wa misumari na mteja wa mabati huwa kuna nafasi ya kuandika sentensi mbili kwenye simu. Mteja wa mabati akianza kubishana na fundi wake, napata ya tatu.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Mume wangu ni Mmaasai wa upande wa Kajiado, mimi ni Mkamba, na wifi alikuja kukaa nasi alipopata kazi ya kufundisha chekechea mtaani kwetu. Alikuwa amejiunga na kikundi cha waandishi kilichokutana Jumamosi alasiri katika darasa lake. Aliponieleza sharti lao, maneno mia moja pamoja na kichwa, na kwamba likizidi hata neno moja hadithi haisomwi, nilimwambia hao ndio watu wangu.

Tulikalia viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, tukisoma kwa zamu. Ukutani kulikuwa na picha za kuku, embe na gari. Nasema bila aibu kwamba nilikuwa mzuri. Siri yenyewe si kubwa. Unaingia hadithini baada ya watu kuwa wameshakaa, unatoka kabla hawajasimama. Hali ya hewa unaiacha. Mtu akifungua mlango, usimweleze mlango. Na jambo la kwanza kukatwa ni salamu, kwa sababu watu wakisalimiana hakuna kinachotokea, na salamu hula maneno kama mbuzi aliyeingia shambani.

Wifi hakuwa na kisu hicho. Hadithi zake zilikuja zikiwa na maneno mia na hamsini, mia na sitini, na zote zilianza kwa namna moja. Mtu anafika kwa mtu. Wanasalimiana. Mgeni anaulizwa kuhusu mvua, anajibu. Anaulizwa kuhusu ng'ombe, watoto, kisima. Kisha katika mstari wa mwisho kabisa, mgeni anasema kile kilichomleta, na hadithi imeisha. Jumamosi asubuhi alinipa simu yake nimpunguzie, akasimama nyuma yangu huku akikunja nguo.

"Hapa hakuna kitu inatokea," nilimwambia.

"Wanasalimiana."

"Si nimeona wanasalimiana. Mpaka lini?"

"Mpaka waishe, wifi," alisema, akicheka. "Ama unataka wakutane tu kama mbwa?"

Nilikata. Kuna moja ninayoikumbuka vizuri, ya mzee anayekwenda kumwambia jirani yake kwamba fisi ameua ndama waliyekuwa wakimmiliki pamoja. Niliondoa mvua, nikaondoa watoto, nikaondoa hata kikombe cha chai, nikaanzia pale mzee anaposema, "Ndama wetu ameliwa." Ilipendwa sana Jumamosi hiyo. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu asiyesifu hovyo, aliomba isomwe tena. Jioni tukirudi nyumbani nilimuuliza wifi kama amefurahi. Akasema iko sawa. Baada ya hatua kadhaa akasema, "Lakini huyo mzee sasa hana adabu."

Nilijua alichomaanisha, ingawa nilijifanya sijui. Mwaka nilioolewa, baba mdogo wa mume wangu alitutembelea. Nilikuwa na chakula jikoni, na yule mzee aliketi akaanza kutoa habari. Kwao husema watu wanakula habari, na kweli ni mlo. Alisema wako salama. Akasema mvua ilinyesha huku, ikaruka kule. Akapitia ng'ombe, akapitia mbuzi, akapitia mtoto wa fulani aliyerudi kutoka chuo. Kila alipotua mume wangu aliitikia, "Ee." Ugali wangu ukaganda. Mwisho kabisa mzee akasema kwamba nyumba yake iliungua na hakuna kilichotoka. Usiku huo nilimuuliza mume wangu kwa nini mzee hakuanza na hilo, mtu nyumba imeungua anatuambia habari za mbuzi. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini suruali ina miguu miwili. "Akianza na hiyo," alisema, "utasikia nini tena?"

Wifi alikuwa na pumu tangu utoto. Tulikuwa tumeizoea, na hilo ndilo linaloniuma. Tulijua miezi ya vumbi na miezi ya baridi, tulijua ile dawa ya kuvuta lazima iwe kwenye mkoba na nyingine kwenye rafu ya sebuleni. Ilipombana alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, akisubiri ipite, kisha akaenda zake kupika.

Siku ile ilimshika darasani, kabla ya watoto kula. Mwalimu mwenzake alinipigia dukani. Duka liko karibu, nikafika mbio, tukamwingiza katika gari la mzazi mmoja aliyekuwa amemfuata mwanawe. Nilikaa naye nyuma. Dawa ilikuwa imevutwa tena na tena na haikuwa ikifanya kitu. Barabara ya Namanga ilijaa malori, na dereva alipiga honi mpaka akachoka. Wifi alikuwa akinitazama. Kila neno alilipata kwa shida, moja, kisha anatafuta pumzi, kisha lingine. Alisema, "Dirisha." Nikalifungua lote. Akasema, "Watoto," nikamwambia watoto wa darasa wako na mwalimu, wanakula. Alifungua mdomo tena, nikamwambia, "Usiongee wifi. Tunza pumzi." Akanitii. Tulipofika hospitali alikuwa ameacha kunitazama, na ingawa walimhangaikia sana, jua halikuwa limetua walipokuja kutuambia.

Jina lake sitalitaja. Kwa mama mkwe wangu, mtu akishakufa jina lake haliitwi tena, na hata neno linalofanana nalo huzungukwa. Wengi wa rika la mume wangu wameacha desturi hiyo. Yeye mama hajaiacha, na huyu alikuwa mtoto wake.

Jambo lililofuata ni nani amwambie. Wanaume walishauriana kwa simu jioni nzima. Wote walikubaliana kwamba mama haambiwi kwa simu, na jirani mmoja akaombwa aende kwake asubuhi na mapema akaiazime simu yake, aseme yake imekwisha chaji, ili asije akapigiwa na mtu mwenye mdomo mwepesi. Kwamba mama ataambiwa na nani halikusemwa waziwazi mpaka tulipokuwa njiani, kwenye pikapu ya rafiki, tumeshapita Isinya.

"Wewe utakaa na mama ndani," mume wangu alisema. "Mimi nitakuwa na wazee nje. Wanaume wanaambiwa na wanaume."

"Mimi sijui kuifanya," nilisema.

"Unajua. Umesikia mara ngapi." Alikuwa akitazama barabara. Macho yake yalikuwa yamevimba na sauti imekauka. "Usianze na hiyo. Tafadhali. Anza na ile ingine."

Nilitazama nje. Nyasi zilikuwa za rangi ya gunia, na ng'ombe wachache walikuwa wakitembea kando ya ua wa mtu. Kichwani mwangu, bila kutaka, nilikuwa nimeanza kuandika. Mkono uliozoea kukata haujui msiba. Niliandika: mtoto wako alishikwa na kifua jana akiwa kazini, tukamkimbiza hospitali, akafariki. Nikaona kazini haihitajiki. Nikaondoa hospitali. Nikabaki na mtoto wako amefariki, na hata hapo nikaona kwamba kwa mama, maneno mtoto wako hayana kazi, atajua tu ni nani. Nilibaki na neno moja, na nikajiogopa. Nilikuwa nimempunguza mtu niliyemsuka nywele Jumapili iliyopita.

Tulipita mji wa Kajiado, tukaenda mbele kidogo, tukaiacha lami. Mume wangu aliteremkia kwenye zizi, ambako baba zake wadogo walikuwa wamekwisha kusimama, na mimi nikaendelea kwa miguu hadi nyumbani kwa mama.

Siku niliyoletwa pale kama bibi harusi, mama mkwe alinipa kondoo jike, na kwa desturi yao aliyetoa na aliyepewa huitana kwa zawadi hiyo. Kwa hiyo mimi namwita Paker na yeye ananiita Paker, yaani wa kondoo. Tumeitana hivyo miaka yote. Nilimkuta mlangoni akisafisha kibuyu cha maziwa. Aliniona, akakiweka chini polepole.

"Takwenya, Paker," alisema. Ndivyo mwanamke anavyosalimiwa.

"Iko," nilijibu. Ndivyo anavyoitikia.

Aliniingiza ndani, akachochea moto, akaweka chai. Aliketi kwenye kigoda chake, nami nikaketi kwenye kitanda, na akaanza yeye kutoa habari zake, jambo nililomshukuru kwalo kimoyomoyo. Alisema wako salama. Mvua ilikuwa imesimama hapo juu ya kilima, wakaiona, ikageuka. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha na mmoja anakataa kunyonya. Ng'ombe mwekundu anachechemea lakini anakula. Mashine ya kisima ilikufa, ikafufuliwa. Niliitikia, "Ee," kila alipotua.

"Na huko?" aliuliza.

"Huko ni salama," nilisema.

Nilidhani ulimi utaniungua. Haukuniungua. Nilisema watoto wameamka vizuri, nikawaacha kwa jirani. Nikasema mkubwa amepanda darasa. Akaitikia. Nikasema mdogo ameota jino la mbele.

"Ya juu ama ya chini?"

"Ya juu."

"Na mama yako? Goti yake?"

Nilimweleza goti la mama yangu. Akauliza kama tangi letu la maji limepata mfuniko. Akauliza kama yule mbwa bado anabwekea pikipiki. Akauliza kuhusu kuku wangu, na kuku wangu hajawahi kuwauliza tangu nimjue.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote nikifika, akishauliza watoto wangu tu, humuuliza binti yake. Msichana yangu iko? Kifua yake iko namna gani na hii baridi? Leo alikuwa amemruka. Alikuwa akimzunguka kwa mbali, kutoka kwa mbwa hadi kwa kuku, na mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. Alikuwa anajua. Huenda alijua tangu simu yake ilipoazimwa.

Basi nikamsaidia kuzunguka. Mimi, niliyekata mvua na vikombe vya chai vya watu wengine, nilimweleza mama mkwe wangu habari za kuku mmoja mwekundu aliyekataa kiota, akaamua kutagia kwenye karai la kufulia. Nikamweleza rangi ya karai. Nikamweleza vile mdogo alivyolia tulipotaka kufua. Nikatafuta kingine cha kuongeza, nikamweleza mahali karai lilipo, chini ya ngazi, na kwamba ngazi zenyewe zimepigwa rangi upya. Akasema, "Ee." Akasema, "Ee." Kamwe sijawahi kuyahitaji maneno hivyo. Nilitamani Kitengela nzima iwe na kuku, na kila kuku awe na kisa chake.

Lakini habari huisha. Chai ilichemka, akamimina vikombe viwili, akanipa changu. Hakuna aliyekunywa. Nje sikusikia sauti ya mwanamume hata mmoja.

"Paker," alisema. "Imebaki?"

"Imebaki moja."

"Sema."

"Kifua kilimshika jana," nilisema. "Tulimkimbiza. Kilimshinda."

Hakupiga kelele. Alivuta shuka lake, akajifunika nalo kichwa, akabaki hivyo, na shuka likawa linapanda na kushuka. Nililia mimi. Nililia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, mpaka nikaona haya na kujiziba mdomo kwa leso. Sikujua kama niende kumshika au nikae nilipo. Baadaye alisema kutoka humo ndani ya shuka, "Alikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Alisema nini?"

Ningeweza kutunga. Ndiyo kazi ninayoijua, na mama huyo asingenishtaki. Lakini sikuweza kumdanganya mbele ya moto wake.

"Alisema dirisha, nikalifungua. Akasema watoto, wale wa darasa. Alitaka kusema ingine na mimi nikamwambia asiongee, atunze pumzi. Sijui ilikuwa nini, Paker. Nilimkataza."

"Na mimi hakunisalimia."

"Hakuwa na pumzi."

Alishusha shuka. Uso ulikuwa umelowa wote na hakuupangusa. Alinitazama kama mtu anayepima kitu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona jinsi alivyofanana na binti yake kwenye paji la uso.

"Wewe mlikaa naye nyumba moja," alisema. "Unajua vile anaongeaga. Sasa anza. Sema vile yeye angesema, kama ni yeye amekuja leo."

Nikakumbuka kwamba yeye kwa mama yake alikuwa mtoto, na mtoto hasemi takwenya, huinamisha kichwa aguswe. Nilitoka kitandani, nikapiga magoti pale karibu na kigoda, nikainama. Ulichukua muda, lakini mkono wake ulikuja, ukakaa juu ya nywele zangu.

Nilianza. Nilisema niko salama, yeyo, kama alivyozoea kumwita mama yake. Nilisema baridi ni kali huko Kitengela lakini nina sweta ile ya kijani. Nilisema darasani nina watoto wengi mwaka huu na kuna mmoja hakubali kuitwa kwa jina, anataka aitwe dereva. Nikasema watoto wa kaka wako salama na wanaharibu vitu vyangu. Nikasema mke wa kaka ni mzima, ana makelele tu, anakata maneno ya watu. Mkono ulitikisika kidogo kichwani pangu, sikujua kama ni kicheko au ni nini. Nikauliza kuhusu mbuzi mweusi, akanijibu. Nikauliza huyo pacha asiyenyonya amepewa jina gani, akasema bado. Nikaeleza kanisa, nikaeleza bei ya nyanya, nikaeleza rafiki aliyeolewa Kiserian na viatu alivyovaa. Sikukata kitu. Kila nilipotua alisema, "Ee," na sauti yake ilikuwa ya mama anayemsikiliza mwanawe huku akifanya kazi nyingine.

Nikafika mahali ambapo husemwa habari ya mwisho, na kwa kuwa aliyekuwa akisema ni wifi mwenyewe, haikuwepo. Mama mkwe aliitikia, "Ee," akangoja.

"Ni hizo tu, yeyo," nikasema.